Korasi ya Newtown: tanzia ya Kigiriki mjini Johannesburg

Alasiri ya tarehe 24 Julai 1964, sanduku lenye baruti lililipuka katika sehemu ya wazungu ya Park Station, stesheni kuu ya reli ya Johannesburg. Aliyeliacha pale alikuwa John Harris, mwalimu wa shule, mzungu aliyeupinga utawala wa ubaguzi. Alikuwa amewapigia simu polisi wa reli na magazeti ili watu waondolewe. Hawakuondolewa. Bibi mmoja mzee alifariki kwa majeraha na wengine zaidi ya ishirini wakaumia. Tarehe 1 Aprili 1965 Harris akanyongwa Pretoria.

Mtunzi wa tamthilia Athol Fugard alilichukua tukio hilo akalifuma na kisa cha kale cha Ugiriki. Agamemnon anamtoa binti yake kafara ili apate upepo wa kwendea vitani. Clytemnestra anamuua mumewe huyo. Mwana wao Orestes anamuua mama kulipiza kisasi cha baba. Kila mmoja ana sababu yake, na sababu zenyewe si za kipuuzi. Mchezo huo, Orestes, uliigizwa mwaka 1971 na watu watatu, kwa maneno machache mno. Mahali pa mauaji, mwigizaji Yvonne Bryceland alikivunjavunja kiti mbele ya watazamaji. Korasi haikuwepo.

Hilo la korasi si jambo dogo. Athens, kila majira ya machipuko, katika sikukuu ya mungu Dionysus, watunzi watatu walishindana, kila mmoja kwa tanzia tatu na mchezo mmoja wa mzaha. Kilichotangulia hapo ni kundi: raia kumi na wawili, baadaye kumi na watano, waliofunika nyuso kwa barakoa, wakiimba na kucheza. Mwigizaji alizuka kutoka humo. Aristotle anasimulia kwamba Aeschylus ndiye aliyeongeza mwigizaji wa pili, na Sophocles wa tatu. Anayezijua ngoma zetu, manju akianzisha na wenzake wakiitikia, hahitaji maelezo marefu kuhusu mpango huo.

Lakini darasani tumezoea kufundishwa shujaa na dosari yake, basi. Hata tafsiri ya Samuel Mushi ya Mfalme Edipode ya Sophocles, iliyotoka mwaka huohuo wa 1971, wengi tuliisoma kama habari za mtu mmoja mwenye kiburi na bahati mbaya. Wazee wa Thebes wanaoimba baina ya matukio tuliwaruka ili tufike kwenye macho yaliyotobolewa. Naona tuliuruka mji mzima, maana tauni inayoanzisha mchezo ule imeupata mji wote, na hao wazee ndio midomo yake.

Afrika Kusini ya wakati ule, mji wenyewe ndio uliokuwa umezibwa mdomo. Fugard aliwahi kuwa karani katika mahakama ya pasi ya Fordsburg, Johannesburg, ambako Waafrika walihukumiwa mmoja baada ya mwingine, dakika chache kila kesi, kwa kosa la kutokuwa na karatasi sahihi mfukoni. Huko Port Elizabeth kikundi cha Serpent Players kilipoandaa Antigone ya Sophocles mwaka 1965, waigizaji walikamatwa. Mmoja wao alipelekwa gereza la kisiwa cha Robben, na huko akauigiza mchezo huo mbele ya wafungwa wenzake. Nelson Mandela naye ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba aliwahi kuigiza nafasi ya Creon, mfalme anayekataza maiti isizikwe, katika Antigone ya wafungwa.

Kutokana na habari hizo, Fugard na waigizaji John Kani na Winston Ntshona waliunda The Island, iliyochezwa mara ya kwanza Cape Town Julai 1973. Kuandika habari za gereza lile kulikuwa kosa, kwa hiyo hapakuwa na mswada, na jina la mwanzo lilikuwa la kuficha. Mchezo unafunguka kwa kazi ya bure: mfungwa mmoja anajaza mchanga kwenye toroli, analisukuma hadi anapochimba mwenzake, anaumwaga, mwenzake anafanya vivyo hivyo kumrudishia. Usiku seloni wanafanya mazoezi ya Antigone. Mkufu wa maleba umetungwa kwa misumari, na mfungwa Winston hataki kuvaa nywele za bandia na matiti ya kike, kwa kuwa watamcheka. Mwishoni anavaa. Watazamaji wanahutubiwa kana kwamba wao ndio wafungwa na askari waliokuja kutazama. Korasi bado haipo, ila nafasi yake imewekwa wazi na aliyelipa kiingilio ndiye aliyekalishwa humo.

Tarehe 21 Juni 1976, siku tano baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi, Barney Simon na Mannie Manim walifungua Market Theatre ndani ya lililokuwa soko la matunda la Wahindi huko Newtown, Johannesburg. Weusi na weupe walikaa pamoja humo, sheria ikitaka vingine. Leo ukumbi mmoja wa Market una jina la John Kani.

Hapo ndipo mwaka 2007 ilipochezwa Molora ya Yael Farber, mzaliwa wa Johannesburg, iliyokuwa imeonekana Grahamstown mwaka 2003. Jina ni la Kisotho, maana yake majivu. Clytemnestra ni mzungu. Elektra na nduguye Orestes ni weusi. Mama na binti wanakaa kwenye meza mbili zinazotazamana, kila moja na kipaza sauti, kama katika Tume ya Ukweli na Maridhiano iliyoanza vikao vyake mwaka 1996 chini ya Askofu Desmond Tutu. Katika onyesho moja Clytemnestra anaonyesha jinsi alivyomtesa bintiye kwa mfuko uliolowa maji uliofunikwa kichwani. Watazamaji wa Afrika Kusini walilijua jambo hilo: mwaka 1997 polisi Jeffrey Benzien alilionyesha mbele ya Tume kwa vitendo.

Na korasi imerudi. Ni wanawake wa kikundi cha Ngqoko kutoka Eastern Cape, watu wazima wa kijijini, wanaoimba umngqokolo, uimbaji wa koo moja kutoa sauti mbili kwa pamoja. Katika Aeschylus, mwaka 458 K.K., kesi ya Orestes inaamuliwa na baraza la Athens na kura ya mungu Athena. Kwa Farber hashuki mungu yeyote. Orestes anashindwa kuua. Elektra ananyakua shoka amrukie mama yake. Wanawake wanamkamata na kumzuia kwa mikono yao. Kwangu mimi hiyo inaizidi hukumu ya Athena, kwa sababu wanaozuia damu ndio watakaoishi na wote wawili kesho yake.

Nje ya ukumbi mambo hayakuisha vizuri hivyo. Walioiomba Tume msamaha walizidi 7,000 na waliosamehewa walikuwa 849, lakini wachache sana kati ya waliobaki walifikishwa mahakamani. Si mbali na Newtown kuna kituo cha polisi kilichoitwa John Vorster Square, ambako Ahmed Timol alikufa Oktoba 1971 kwa kuanguka kutoka ghorofa ya kumi. Polisi walisema alijiua. Mwaka 2017 mahakama ikaamua kuwa aliuawa. Polisi wa zamani aliyeshtakiwa alifariki mwaka 2021 kabla kesi haijasikilizwa. Mwaka 2025 Rais Cyril Ramaphosa aliunda tume, chini ya Jaji Sisi Khampepe, kuchunguza kama kesi za namna hiyo zilizuiwa makusudi.