Hodi Kwenye Kioo

Mpwa wangu amesomea kompyuta. Mwaka 2018 alikuja nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, na programu aliyokuwa akiitengeneza kwa ajili ya kikoba cha akina mama wanaokaanga samaki wa soko la Deep Sea. Ilikuwa bado haijakamilika. Alichokuwa nacho ni ukurasa wa mwanzo tu, ule unaompokea mtu anapoifungua.

"Mjomba," aliniambia, "nikagulie. Usinionee haya."

Mwalimu mstaafu hangoji kuambiwa mara mbili. Nilivaa miwani, nikasahihisha vituo na herufi kubwa, nikamwambia palipoandikwa "ingiza" paandikwe "andika". Nilijiona nimemaliza kazi. Hapo mama yake, dada yangu mkubwa, akaomba asomewe.

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mlango wako hauna adabu. Sijakaribishwa, nishaulizwa jina. Sijakaa, nataka kutolewa siri yangu. Nikikosea herufi moja naambiwa nimekosea, mbele ya wenzangu. Nani atarudi nyumba hiyo?"

Kijana aliinamisha kichwa akaandika yote. Mimi nilinyamaza, maana lile neno "umekosea" nililiandika kwa wino mwekundu miaka thelathini.

Kisha dada akaingia ndani, akatoka na daftari lake la madeni. Msomaji, daftari hilo nilikuwa nikiliona miaka mingi bila kulitazama. Lilikuwa la Kiswahili kitupu, kwa herufi za Kiarabu: majina, ndoo za samaki, fedha zilizolipwa na zilizobaki.

Hakuna ajabu katika hilo kwa anayejua historia ya pwani yetu. Kabla ya wakoloni, barua na mikataba ya Mrima iliandikwa kwa herufi hizo. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mshairi wa pande hizi za Tanga, ndizo alizotumia kuandika utenzi wake wa vita ambavyo Wajerumani waliitwaa nchi. Lakini Wajerumani walipofungua shule ya serikali hapa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, waliotakiwa kazi za uandishi ni waliojua herufi za Kirumi. Shuleni hapo likapigwa chapa gazeti la Kiongozi. Wakaja Waingereza, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusanifisha Kiswahili, nayo ikafanya kazi kwa herufi hizo hizo za Kirumi. Faida yake ni kubwa. Mimi mwenyewe nimekula mshahara kwa herufi hizo. Ila waliokuwa wasomi jana waliamka wakahesabiwa wajinga.

Kompyuta nayo ilikuja na njia yake. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo. Miaka thelathini baadaye, Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Nilifurahi niliposikia. Wapo waliosema "tarakilishi", wapo waliosema "kompyuta", na sisi walimu tulibishana sana juu ya maneno. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyeuliza kama mtu wa kawaida akifika mlangoni atajiona mgeni au mwizi.

Nami nina deni langu. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kampeni ile ikaendelea miaka kadhaa. Nilipewa daftari nikaorodheshe mtaa wetu. Dada alikuwa amehitimu chuo cha Kurani. Shule hakupelekwa kwa kuwa ni mtoto wa kike, na nafasi niliipata mimi. Kwenye jina lake niliandika: hajui kusoma wala kuandika. Sikumwuliza. Nilidhani najua.

Siku ile mbele ya mwanawe nilimweleza. Akanitazama, akasema, "Nilijua. Karani alipita baadaye akanisomea." Hakuongeza neno, nami sikupata la kusema.

Mpwa wangu aliurekebisha ukurasa. Sasa unaanza na karibu na salamu, jina linaulizwa baadaye, na mtu akikosea anaambiwa, "Tujaribu tena." Kuhusu herufi, alisema simu nyingi tayari zina za Kiarabu, ni kuziwasha tu. Akaziwasha, akampa mama yake simu.

Dada aliandika jina lake taratibu, kwa kidole kilichoungua mafuta, akanigeuzia kioo nikague. Chuoni nilisoma pia, lakini nilikuwa nimeacha siku nyingi. Nililisoma kwa kuunganisha herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza, naye akangoja mpaka nikafika mwisho.