Kola na Misumari Iliyogeuzwa

Chui si mbwa mkorofi. Shida yake ilikuwa moja tu: kubweka usiku, na ploti za Ruaka unazijua, jirani akikohoa wewe ndiye unaamka. Mwenye nyumba akaniambia nichague, mbwa au nyumba. Nikaenda jijini nikanunua kola ya umeme, ile inayojiwasha yenyewe mbwa akibweka.

Siku ya tatu, nikiwa nimeinama kumwekea ugali, mbwa wa ploti ya pili akabweka. Chui alikuwa kimya kabisa. Kola ikasikia kelele, ikampiga yeye. Aliruka, akalia, kisha akaniangalia mimi. Tangu hapo hali chakula nikiwa karibu.

Kwa hatia, nikaanza kusoma hiki kitu kilitoka wapi.

Kumbe kola ya mbwa ina historia ya heshima. Mwaka wa 37 KK, Mrumi Marcus Terentius Varro aliandika kitabu cha ukulima, na humo akaeleza kola ya mbwa wa kulinda mifugo: mkanda wa ngozi ngumu wenye misumari inayotazama nje, ili mnyama mkali akimrukia shingoni aumie yeye. Kwa ndani ilishonewa ngozi laini, chuma kisimuumize mbwa. Hebu fikiria. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, mtu alijali shingo ya mbwa wake kuniliko.

Miaka ya 1960, huko Marekani, wawindaji walianza kuwafunza mbwa wao kwa kola zinazopiga umeme kutoka mbali. Vyuma sasa vilitazama ndani. Ukiilegeza kola, vyuma havigusi ngozi na haifanyi kazi. Ukiikaza na kuiacha muda mrefu, vinachimba kidonda. Zile za kubweka nazo, baadhi zinadanganywa na kelele za nje, kama yangu.

Nilidhani basi dawa ni kununua ya bei ghali. Halafu nikakutana na utafiti wa Uholanzi wa mwaka wa 2004, wa Matthijs Schilder na Joanne van der Borg. Mbwa waliofunzwa kwa umeme walionyesha dalili za woga hata wakitembezwa tu bustanini, siku ambayo hakuna aliyewapiga. Mbwa hasomi maelezo kwenye boksi. Maumivu yakija, anayaunganisha na kilicho mbele yake, na mara nyingi kilicho mbele yake ni bwana wake. Mwaka wa 2010, Wales ilipiga marufuku kola hizi.

Kwa hiyo hata kola yangu ingekuwa nzima, bado ingeweza kumfunza kuniogopa.

Nimeitupa. Jioni namwekea Chui ugali, narudi nyuma hatua tano, nakaa chini. Wiki jana zilikuwa saba. Nyumba nyingine bado natafuta.