Risiti Mbili za Shilingi 12

Nyanya yangu ana kisanduku cha bati ambacho huwa hakifungui mbele ya watu. Siku nilirudi nyumbani Vihiga bila digrii (karo ilinishinda mwaka wa pili, hiyo ni hadithi ya siku nyingine) alinifungulia, labda kwa huruma. Ndani mlikuwa na cheti cha ubatizo, picha mbili zilizofifia, na risiti mbili za kodi za mwaka 1929, kila moja ya shilingi 12. Zote zina jina la baba mkwe wake. Nikamuuliza mzee alilipaje mara mbili mwaka mmoja.

"Si alikuwa na wake wawili? Kila mke na nyumba yake. Kila nyumba na kodi yake."

Hizo risiti nimezifikiria kuliko chochote nilichofundishwa darasani. Shuleni tulikariri visababishi vya umaskini: ujinga, uvivu, maradhi, ukame, kuzaa watoto wengi. Unaandika vitano, unapata alama tano, unaenda lanchi. Vyote vinamwangukia maskini mwenyewe au mbingu. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba kuna umaskini ulioandikwa kwenye sheria, ukapigwa muhuri, ukapewa bei.

Bei ya kwanza ilikuwa kwa rupia. Mwaka 1901, mwaka uleule reli ilipofika Kisumu, serikali ya Mwingereza ilitangaza kodi ya nyumba. Ilianza chini, ikafika rupia 3 kwa kila nyumba. Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa, ili hata kijana asiye na nyumba asiponyoke. Wakati wa Vita vya Kwanza ikapanda tena.

Sasa, sitaki kudanganya mtu kwamba kabla ya hapo tulikuwa tunaogelea kwa maziwa. Miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi ajabu, na mwisho wa muongo huo njaa na ndui vilifagia sehemu kubwa za Ukambani na Kati. Watu walikuwa wanalala njaa. Lakini mtu aliyelala njaa mwaka huo alikuwa na shamba la kurudia mvua ikinyesha, na hakuna aliyemdai sarafu ambayo hajawahi kuitumia. Kodi ndiyo iliyobadilisha hilo. Ukiwa na mtama ghala nzima, mbuzi ishirini na wake wawili, kwa macho ya karani wewe ulikuwa mdaiwa.

Na pesa ungezitoa wapi? Hapo ndipo ujanja wote ulipo. Ungeuza mbuzi, sawa, lakini mbuzi wanaisha. Kahawa, zao lililokuwa na pesa nzuri, Mwafrika hakuruhusiwa kulilima mpaka miaka ya 1930, tena kwa majaribio madogo huko Kisii, Meru na Embu. Ikabaki njia moja: kwenda kwa setla. Masetla wenyewe hawakuficha. Walisema wazi kwamba bila kodi Mwafrika hatatoka kwake kuja kufanya kazi. Kwa hivyo kodi haikuwa tu ya kujaza hazina. Ilikuwa kama fimbo ya kuchungia watu, iwapeleke shambani kwa mwenye ardhi mpya. Ardhi yenyewe, kwa sheria ya 1915, setla angeweza kuikodi kwa miaka 999. Kuanzia 1920 kibarua akavishwa kipande shingoni, ndani ya kikebe cha chuma, ili akitoroka ajulikane.

Ukiweka risiti za mzee kando ya mshahara wa siku hizo, hesabu inatisha. Kibarua wa shambani mwaka 1929 hakupata mbali sana na hizo shilingi 12 kwa mwezi mzima. Nyumba mbili, shilingi 24. Yaani karibu miezi miwili anafanya kazi ya kulipia haki ya kulala kwake, na bado hajanunua jembe wala chumvi. Wakati huohuo setla hakulipa kodi ya mapato. Ilijaribiwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakapiga kelele, ikaondolewa. Ilirudi 1937.

Nyanya ananiambia mzee alikuwa anapotea miezi, na kazi yote ya shamba ilibaki kwa wale wake wawili. Kwingine watu walisongamana kwenye nyumba moja ili wapunguze idadi ya kuhesabiwa. Hebu fikiria kifua kikuu kinavyosherehekea hapo. Shamba lililoachwa bila mikono halizai vizuri, lisipozaa unahitaji pesa zaidi, ukihitaji pesa unaondoka tena. Baadaye mtaalamu atakuja aandike kwamba watu wa huku hawajui kilimo cha kisasa.

Hata kile kidogo kilichobaki hakikuwa salama. Mwaka 1930 serikali iliahidi kwa sheria kwamba ardhi ya hifadhi ni ya wenyeji milele. Mwaka uliofuata dhahabu ikaonekana Kakamega. Kufikia mwisho wa 1932 sheria ilikuwa imebadilishwa, wachimbaji wakapewa nafasi. Milele ilidumu miaka miwili.

Wazee wetu hawakukaa tu wakilia, lakini. Mwaka 1921 kodi ilikuwa imefika shilingi 16, na masetla wakataka kukata mishahara kwa thuluthi. Nairobi, Harry Thuku akaanza kukusanya watu. Alikamatwa Machi 1922, umati ukaenda kumdai kituoni, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mbele, na polisi wakafyatua risasi. Yeye alikuwa miongoni mwa waliouawa. Huku Nyanza, chama cha vijana kilichoanzia mkutano wa Lundha kilikuwa kinadai mambo yaleyale: punguzeni kodi, ondoeni kipande. Mwaka huohuo wa 1922 kodi ikashuka kutoka shilingi 16 hadi 12.

Kwa hivyo hiyo 12 kwenye risiti za nyanya ni bei iliyokwisha kuteremshwa kwa damu. Shilingi 4 kwa kila nyumba zilibaki mfukoni mwa watu wasio na kitu. Kama mwalimu angeniuliza leo njia za kupunguza umaskini, ningeanza na hiyo, na najua ningekosa alama.

Uhuru ulipokuja tuliambiwa maadui ni watatu: umaskini, ujinga na maradhi. Maadui wasio na majina ya watu. Halafu mwaka 1965 serikali ikatoa Waraka Nambari 10, uliosema pesa za maendeleo zipelekwe pale zitakapozaa zaidi, penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Na ni wapi kulikuwa na barabara na umeme? Pale mkoloni alipoviweka. Turkana na Wajir wakaambiwa wangoje. Katiba ya 2010 ilijaribu kurekebisha kwa ugatuzi na kwa Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato kwa miaka 20, iende kwa maji, barabara, afya na umeme wa maeneo yaliyosahaulika. Wazo zuri. Pesa zenyewe zimekuwa zikichelewa kiasi kwamba miaka 20 hiyo itaisha kabla wengine hawajaona bomba.

Elimu ya msingi bila malipo mwaka 2003 naiamini zaidi, kwa sababu iliondoa dai. Nyumba maskini haikusubiri msaada ufike. Iliacha tu kudaiwa. Mimi ni mtoto wa sera hiyo. Ilinibeba mpaka mlango wa chuo, ambako bili ilikuwa inaningoja.

Juni 2024 nilikuwa Nairobi. Mswada wa fedha ulitaka kutoza mkate VAT ya asilimia 16. Tulipoingia mjini hatukuwa tumesoma habari za Nyanjiru, wengi wetu. Pendekezo la mkate lilitolewa, siku chache baadaye mswada wote ukaondolewa, na katikati hapo watu waliuawa.

Nyanya hupata posho ya wazee ya serikali, shilingi 2,000 kwa mwezi. Mara ya mwisho ilipoingia alinipa simu nimsomee ujumbe. Nikamsomea. Akaniuliza kama wameandika tarehe ya kuzirudisha.