Mzigo Halali, Tangi Si Lake

Tarehe 6 Julai 1988, dereva aliyemshikia mwenzake zamu alifika na boza lake kwenye mtambo wa kusafisha maji wa Lowermoor, karibu na mji wa Camelford, kusini-magharibi mwa Uingereza. Alikuwa na tani 20 za salfeti ya alumini, aina ya shabu inayotuamisha uchafu wa maji. Mtambo haukuwa na mtu. Alichokuwa nacho ni ufunguo na maelekezo mafupi: tangi liko kushoto. Akafungua mfuniko, akaunganisha mpira, akamwaga. Hati za mzigo zilikuwa sawa, na kiasi kilikuwa sawa. Tangi ndilo halikuwa lake. Mle mlikuwa na maji yaliyokwisha kusafishwa, yakisubiri kwenda kwa watu wapatao 20,000.

Maji yakageuka tindikali na kuanza kula shaba ya mabomba ya majumbani, hata nywele za baadhi ya wakazi zikawa kijani. Wengine walitokwa na vidonda mdomoni, wengine wakaharisha. Waliopiga simu kulalamika waliambiwa maji hayana neno. Zaidi ya wiki mbili zilipita kabla wananchi hawajaelezwa kilichotokea. Mwaka 1991 mamlaka ya maji ilitozwa faini ya pauni 10,000, kiasi ambacho hakihitaji maoni yangu.

Wauza mafuta walikuwa wakiujua ugonjwa huu wa kukosea tangi. Kwenye kituo cha mafuta midomo ya matangi hupangwa ardhini jirani jirani, na dizeli ikiingia kwenye petroli wanaolipa ni wenye magari. Nchini Marekani, taasisi ya kampuni za mafuta, American Petroleum Institute, iliweka utaratibu wa rangi: nyekundu, bluu na nyeupe kwa madaraja ya petroli, njano kwa dizeli. Rangi husaidia hadi jua liipaushe, au tope liifunike, au boza lifike saa nane usiku.

Mwaka 1994 Masahiro Hara na wenzake wa kampuni ya Denso, Japani, walibuni msimbo wa QR ili kufuatilia vipuri vya magari. Baadaye simu nyingi zenye kamera ziliweza kuusoma, na ukibandikwa kwenye tangi simu inaweza kuulinganisha na hati ya mzigo. Lakini kinachothibitishwa hapo ni kwamba dereva amefika mbele ya karatasi ya msimbo. Akishaisoma, anaweza kugeuka na kuufunga mpira kwenye mdomo wa pili.

Ndivyo midomo ilivyokuwa Atchison, jimbo la Kansas, katika kiwanda cha MGP Ingredients. Tarehe 21 Oktoba 2016 asidi ya salfa iliunganishwa kwenye bomba la hipokloraiti ya sodiamu, dawa ya jamii ya jiki. Mabomba hayo mawili yalifanana, na yalitengana kwa sentimita 46 hivi. Mfanyakazi wa kiwanda alifungua kufuli la bomba la asidi, kama alivyotakiwa. La jirani halikuwa limefungwa. Wingu la gesi ya klorini likatanda juu ya mji, na watu zaidi ya 140 wakatafuta matibabu. Bodi ya Usalama wa Kemikali ya Marekani ilipochunguza, ilihimiza viungio vya maumbo tofauti, ili mpira wa asidi ukatae wenyewe kuingia pasipo pake. Kwangu hiyo bado ndiyo dawa ya kwanza, maana chuma hakichoki wala hakina haraka ya kurudi nyumbani.

Dawa ya pili ni kamera, nayo ilipata akili ya kuifanya kazi hii kwa njia ya mzunguko. Mwaka 2012, Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton wa Chuo Kikuu cha Toronto waliwaacha mbali wapinzani wao katika shindano la kompyuta kutambua picha. Programu ya namna hiyo ilihitaji kompyuta yenye nguvu, na yadi nyingi za viwanda hazina mtandao wa kutegemewa. Mwaka 2017 watafiti wa Google walitoa MobileNets, mifumo myepesi ya kutambua picha iliyokusudiwa kufanya kazi ndani ya simu yenyewe.

Tofauti ya kamera ya namna hiyo na karatasi ya QR ni kwamba picha inaweza kupigwa baada ya mpira kufungwa. Simu inatazama mdomo wa tangi, maandishi yake, vali na mpira ulipoishia, kisha inalinganisha na agizo. Vikipishana, inakataa kutoa ruhusa. Kama vali nayo imeunganishwa na ruhusa hiyo, dereva hawezi kumwaga hata akiwa na uhakika wake mwenyewe.

Simu hiyo lakini hufundishwa kwa picha. Siku ya kwanza lazima mtu auzunguke mtambo, apige picha kila mdomo na kuandika ni wa nini. Kazi hiyo inaweza kupewa mgeni wa kampuni ya programu, wakati anayejua kwamba kibao cha tangi la tatu kilibandikwa vibaya tangu ukarabati uliopita ni fundi wa zamu. Yeye asipoitwa, simu itajifunza kibao.