Mtoto wa Rehani: Gurnah, Dickens na Gereza la Wadaiwa

Tangu Abdulrazak Gurnah atunukiwe Nobeli mwaka 2021, na hasa tangu riwaya yake Paradise itoke kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, wapo wanaomwita Dickens wetu wa habari za madeni. Sifa hiyo ina chembe ya kweli. Baba yake Charles Dickens alifungwa katika gereza la Marshalsea, London, mwaka 1824 kwa deni la mwoka mikate, huku mwanawe wa miaka 12 akifanya kibarua katika kiwanda cha rangi ya viatu. Yusuf, mhusika mkuu wa Paradise, naye yumo katika mwaka wake wa kumi na mbili anapoondoka na Ami Aziz, mfanyabiashara anayemdai baba yake. Lakini London ilimfunga mdaiwa mwenyewe. Kwa Gurnah mdaiwa anabaki kwake na biashara yake, na anayetumikia deni ni mtoto, tena katika duka lisilo na bawabu.

Mwanahistoria wa nyaraka atapinga: amri ya Wajerumani ya mwaka 1901 ilikataza mtu kutiwa utumwani kwa sababu ya deni au kwa kuuzwa na jamaa zake, na riwaya inaishia wakati wa vita vya 1914. Je, Gurnah amekosea miaka? Sioni hivyo. Amri ilizuia utumwa mpya. Haikufuta madeni wala heshima ya mkubwa. Aziz hamwiti Yusuf mtumwa. Aziz mwenyewe anaitwa ami, na mtoto hajui kwamba amewekwa rehani hadi Khalil, kijana mwenzake wa dukani, amweleze. Bwana shauri angekagua duka lile asione kosa, kwa kuwa kosa limevaa undugu. Khalil mwenyewe, aliyetolewa pamoja na Amina, dada yake wa kulelewa, kwa deni la baba yao, anabaki dukani hata baada ya Aziz kumwoa Amina. Hapo riwaya inajua jambo ambalo faili haliwezi kulijua. Wanaosema rehani ilikuwa hisani tu ya wakati wa njaa, mtoto akipata chakula kwa mdai, wamesahau kuuliza nani aliamua lini deni limekwisha.

Msomaji wa Mofu au Ifakara ana sababu nyingine ya kuisoma riwaya hii. Serikali ya Wajerumani iliyokataza utumwa wa deni ilikuwa yenyewe mdai: ilianzisha kodi ya nyumba mwaka 1898, na aliyekosa fedha alilipa kwa jasho lake. Tarehe 30 Agosti 1905 Wambunga na Wapogoro wa huko walipolishambulia boma la Wajerumani la Mahenge, kodi na kazi za shuruti zilikuwa miongoni mwa manung'uniko. Waingereza walifuta utumwa Tanganyika mwaka 1922, lakini asiye na kodi aliendelea kufanyishwa kazi.

Marshalsea ilifungwa mwaka 1842, na Uingereza ikaachana kwa sehemu kubwa na kifungo cha deni mwaka 1869. Kwetu Tanzania, sheria ya mwenendo wa madai ya mwaka 1966 bado inaruhusu mdaiwa aliyeshindwa kesi kuwekwa gerezani hadi miezi sita, na mdai ndiye anayelipia chakula chake. Marshalsea kila mfungwa alijilisha.