Shahada na Shahidi Wake

Kabla mtu wa pwani hajapata kumwona kijana aliyevaa joho la mahafali, neno shahada alikwisha kulijua tangu utotoni, kwa kuwa ndiyo kauli ya kwanza ya Uislamu, na tena ni ndugu wa shahidi na ushahidi, ambavyo kadhi huvitegemea anapokata shauri. Waingereza walikuja na neno lao lenye asili ya Kilatini, ambalo maana yake ni hatua au daraja ya kupandia, na wako waliolipokea hivyo hivyo wakaliita digrii. Lakini waliochagua shahada walitenda jambo kubwa kuliko kufasiri, maana ngazi mtu huipanda peke yake, ilhali ushahidi hautimii mpaka awepo mwingine wa kuutoa.

Shahidi huyo ni nani? Katika desturi ya masheikh wetu, mwanafunzi aliyehitimu kitabu hupewa ijaza na sheikh wake mwenyewe, ambaye naye aliipokea kwa sheikh aliyemtangulia, na hivyo dhamana ya elimu hukaa katika nafsi ya mtu mmoja baada ya mmoja. Chuo kikuu kimeiondoa dhamana hiyo kwa mtu mmoja na kuikabidhi Seneti, mkutano wa wanazuoni unaopitisha mitaala na matokeo ya mitihani chini ya uenyekiti wa Makamu Mkuu wa Chuo, ambaye, licha ya lakabu yake ya umakamu, ndiye mtendaji mkuu. Baraza la Chuo hushika mali na ajira, wala halikai kusahihisha mtihani wa mtu.

Kwa hiyo kuuliza shahada ni ya wapi ni kuuliza shahidi anakaa wapi. Chuo kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, kwa wanafunzi wa sheria wasiofika 20, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaungana na Makerere na Nairobi katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Na ilipofika Julai 1970 ndipo kilipokuwa chuo kikuu kamili, na shahidi akahamia Mlimani, kilipo chuo hicho.

Mintarafu ya elimu ya kujiendeleza, mtu wa makamo anayesoma wiki mbili hupewa aghalabu cheti cha kuhudhuria, nacho kinashuhudia kuwa alikuwapo, hakishuhudii kuwa anajua. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, hakimo katika hukumu hiyo: wanafunzi wake husoma huku wakifanya kazi zao, lakini kina Seneti yake na mitihani yake, basi shahada yake ni shahada.

Linaloniudhi ni kitenzi tulichoifungia shahada. Twasema fulani ametunukiwa, na tunu ni zawadi ya mapenzi. Ni nani aliyepata kusikia shahidi akitunuku ushahidi? Neno hilo na liachiwe shahada ya heshima, ambayo kweli ni tunu, na aliyeketi miaka mitatu akafanya mitihani asemwe kuwa amepata shahada.