Bonde Lililokuwa Ghala: Maliasili na Njaa katika Kijiji cha Mlimani, Kusini mwa Rwanda

Nchini kwetu njaa hupewa majina. Rumanura ilikuja kati ya 1916 na 1918, Wajerumani na Wabelgiji walipokuwa wakipokonyana nchi. Rwakayihura iliwapiga zaidi watu wa mashariki mwaka 1928 na 1929. Kisha ikaja Ruzagayura, mwaka 1943 na 1944. Jina hilo la mwisho nililisikia kwa bibi yangu kabla sijalikuta katika kitabu chochote, naye alilipata kwa mama yake, aliyekuwa msichana wakati huo.

Waandishi wanapoeleza njaa hizi hutaja mambo matatu: ukame, magonjwa ya mimea na vita. Sina ugomvi nayo. Lakini katika insha hii nataka kutazama kitu ambacho hupitwa haraka, yaani bonde. Hoja yangu ni kwamba kwa kijiji cha mlimani, bonde lilikuwa ghala la miezi ya njaa, na thamani yake haikuwa katika wingi wa mavuno bali katika wakati mavuno hayo yalipopatikana. Kwa hiyo yeyote aliyelitwaa bonde, au aliyewaondoa watu bondeni wakati wa kulima, aliingiza mkono wake katika chungu cha mtu.

Ili hoja hii ieleweke, lazima kwanza tuijue kalenda ya mkulima. Kwa Kinyarwanda mwaka una vipande vinne. Umuhindo ni mvua za kuanzia Septemba hadi Desemba. Urugaryi ni kiangazi kifupi cha Januari na Februari. Itumba ni mvua kubwa za Machi hadi Mei, na baada yake huja kiangazi kirefu cha Juni, Julai na Agosti, kiitwacho icyi au impeshyi. Maharage ya mlimani hupandwa mvua za Septemba zinapoanza, na huwa tayari karibu na mwisho wa mwaka. Kwa hiyo Oktoba na Novemba ni miezi mibaya: akiba ya mavuno ya Juni imekwisha, na shambani kuna majani tu.

Hapo ndipo bonde linapoingia. Mwezi wa Juni maji yakipungua, watu walishuka na majembe, wakainua matuta marefu katika udongo mweusi na kupanda viazi vitamu. Mlima ukiwa mkavu kabisa, chini kulikuwa na kijani. Viazi hivyo vilichimbwa kidogo kidogo, kikapu cha leo na kikapu cha kesho, katika miezi ileile ambayo mlimani hapakuwa na kitu. Kuna jambo la pili ambalo mimi mwenyewe sikulijua mpaka bibi aliponicheka. Kiazi kitamu hakipandwi kwa kiazi, hupandwa kwa marando, yaani vile vishina vinavyotambaa. Marando hayastahimili kiangazi kirefu mlimani, hukauka. Yalihifadhiwa bondeni, na mvua za Septemba ziliponyesha yalikatwa na kupandishwa mlimani. Bonde lilikuwa ghala la chakula na pia ghala la mbegu.

Nisiseme kwamba zamani kila mtu alilifurahia bonde hilo kwa usawa. Katika ufalme, malisho na ardhi nyingi vilikuwa chini ya machifu, na ng'ombe wao nao walihitaji majani mabichi wakati wa kiangazi. Tangu mwisho wa karne ya 19 ulikuwepo pia ubuletwa, kazi ambayo mkulima alimfanyia chifu bila malipo ili aendelee kukaa kwenye ardhi. Wabelgiji walipoikuta desturi hiyo waliipunguza katika maandishi, kisha wakaongeza juu yake shokoa zao wenyewe: barabara, kubeba mizigo, kupanda miti. Tangu 1931 wakasukuma kahawa kwa nguvu. Aliyekataa alipigwa ikiboko, na sisi tunaosoma Kiswahili hatuhitaji kuambiwa neno hilo lilitoka wapi.

Ajabu ni kwamba Wabelgiji walijua umuhimu wa bonde. Baada ya Rwakayihura waliwalazimisha wakulima kupanda mihogo na viazi vitamu kama kinga ya njaa, na kulima mabonde wakati wa kiangazi. Kama tungesoma amri zao peke yake, tungesema ni watu waliofahamu kilimo. Tatizo halikuwa ujuzi. Mkulima ana mikono miwili na siku zilezile. Anayeamriwa kulima matuta bondeni, huku akihesabiwa miche ya kahawa, na huku akiitwa barabarani, ataacha kimojawapo, na hawezi kuacha kile kinachokaguliwa kwa kiboko. Isitoshe kiangazi, msimu wa matuta, ndio pia msimu mzuri wa kutengeneza barabara. Hata majani ya migomba, yaliyokuwa yakirudi kwenye udongo wa mazao ya chakula, sasa yalitandazwa chini ya kahawa.

Ubelgiji ilipotekwa na Ujerumani mwaka 1940, makoloni yake yaliendelea na vita upande wa Uingereza, na Ruanda-Urundi ikatakiwa kutoa zaidi: watu wa migodi ya bati, ng'ombe, na maharage ya kupelekwa Kongo. Halafu mwaka 1943 mvua zikakatika, na ugonjwa wa ukungu ukaozesha viazi mviringo katika maeneo ya juu. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kati ya watu 36,000 na 50,000 waliokufa, na wapo wanaotaja idadi kubwa zaidi. Wengi walikimbilia Uganda na Kongo. Mama yake bibi alisimulia kwamba watu walikula mizizi ya migomba, na kwamba mbaya zaidi haikuwa 1943 bali mwaka uliofuata, kwa sababu mvua ziliporudi hapakuwa na marando. Yalikuwa yameliwa au yamekauka, na waliopaswa kuyatunza bondeni walikuwa wameondoka. Haya ni masimulizi ya kijiji kimoja, siwezi kuyafanya kuwa ya nchi nzima. Ila yanalingana na jinsi zao lenyewe linavyoishi.

Ubuletwa ulifutwa 1949. Kuhusu miaka iliyofuata, pamoja na uhuru wa 1962, nitasema tu kwamba watu waliongezeka, mashamba yakagawanywa mpaka familia nyingi zikabaki na chini ya hekta moja, na bonde likazidi kutegemewa.

Sheria ya ardhi ya 2005 ilithibitisha kwamba mabonde ya kinamasi ni mali ya Serikali. Mwaka 2007 ukaanza mpango wa kuongeza mavuno, na wakulima wakatakiwa kupanda kwa pamoja mazao yaliyochaguliwa: mahindi, ngano, mpunga, viazi mviringo, maharage na mihogo. Kiazi kitamu hakikuwemo. Bonde letu lilichimbwa mifereji, likawekwa chini ya ushirika, na likawa la mpunga.

Hapa naandika nikijua kwamba ninajisema mwenyewe. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye mpunga huo. Baba alipata mbolea, na kwa mara ya kwanza alipokea fedha nyingi kwa siku moja. Mavuno ya nchi yaliongezeka sana, na anayesema mpango huo haukuleta kitu hajaishi kijijini. Lakini mwanachama hakuwa huru kuchimba kikapu cha leo na kikapu cha kesho. Mpunga huvunwa kwa siku iliyopangwa, hupimwa na kuuzwa, na fedha huingia mfukoni mwa mwanamume mwenye jina kwenye orodha. Kiazi kilikuwa mkononi mwa mwanamke mwenye jembe. Mwaka mmoja malipo ya mpunga yalichelewa hadi Novemba, na nyumbani tulikula mlo mmoja kwa siku huku gunia zetu zikiwa zimeandikwa vizuri kwenye daftari la ushirika. Kwa hesabu ya tani, mwaka ule tulikuwa tumefanikiwa.

Nilipomuuliza bibi kama haogopi njaa nyingine, hakunijibu. Alinipeleka nyuma ya jiko, mahali panapomwagwa maji ya kuoshea vyombo. Pale, kwenye tuta moja lisilozidi urefu wa mkeka, ametunza marando kiangazi chote. Mwezi wa Septemba majirani huja kumwomba, naye humkatia kila mmoja fungu lake.